Redio Mbili, Mfereji Mmoja

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni. Nilikuwa binti wa hapa Kihurio, nimechumbiwa na baba yako, kijana wa kule juu milimani, na nusura nimkatae kwa sababu ya redio.

Maji ya mfereji yalikuwa yamekatika ghafla. Vitalu vya mpunga vimeanza kunyauka, na redio yetu, mwanangu, tuliyoipenda kwa kuwa ilitusemea sisi wakulima wa bondeni, ikatangaza kwamba watu wa mlimani wameziba maji makusudi. Sikuuliza mtu. Nikafunga kanga kiunoni, nikapanda mlima kwenda kuvunja uchumba. Jua lile, na mdomo niliokuwa nao! Njia nzima nafanya mazoezi ya kugomba.

Nikamkuta mama yake anapembua maharage uani. Nikaanza kufoka palepale.

"Marahaba," akanijibu.

Na mimi wala sikuwa nimemwamkia! Nilitamani ardhi inimeze. Akaniketisha, akaongeza sauti ya redio yake, stesheni nyingine kabisa. Nayo inasema watu wa Kihurio ndio waliobomoa mfereji, eti wanataka maji yote yawe yao.

"Haya, mwizi wa maji," akacheka. "Twende tukaone."

Kumbe udongo ulikuwa umeporomoka na kuufukia mfereji. Juu hawana maji, chini hawana maji. Baba yako yumo humo na jembe, tope mpaka masikioni, hana habari kwamba anaachwa. Watangazaji hawakufika pale. Kila redio ilikuwa imewauliza watu wake tu. Nikaomba jembe, nikachimba nao mpaka jioni.

Ndiyo maana nikikuona unasoma habari kwenye lile kundi lenu moja tu la simu, unakunja uso, halafu unaisambaza hata chai haijapoa, naingiwa na wasiwasi. Sisemi uache kusoma. Ila sikiliza na redio usiyoipenda, soma na gazeti linalokukera, na ujiulize ni nani hakuulizwa. Ukiweza, mpigie simu mtu aliyeko hukohuko. Na habari ikikufurahisha kwa kuwa tu inamsema vibaya usiyempenda, hiyo ichunguze zaidi.

Ningerudi nyumbani na hasira zangu siku ile bila kwenda kuuona mfereji, wewe usingezaliwa. Mungu akupe masikio yenye subira, mwanangu, na kila ukikosea akukutanishe na mtu wa kukucheka kwa upendo.