Tundu la Ukubwa wa Uso

Nani alikuwa akiikata habari ya kashfa ya waziri? Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa karibuni, nami nimerudi Songea kutoka chuo kikuu, siamini kitu. Gazeti la maktaba, la parokia na la kinyozi wa mtaa wa Majengo yote yalikuwa na tundu palepale, la ukubwa wa uso wa mtu.

Nilitangaza maktabani kwamba serikali inatuziba macho kupitia msafishaji, Mama Ngonyani, niliyemwona na mkasi. Nilitaka afukuzwe kazi. Nikaenda kwake, mtaa wa Lizaboni, pamoja na mkutubi, tukachukue ushahidi.

“Shikamoo, mama. Tunatafuta vipande vya magazeti.”

“Marahaba. Viko ukutani, mwanangu. Ingieni.”

Chumbani mlikuwa na giza, ingawa ni mchana. Kijana mmoja alitutazama kutoka ukutani mara tatu, uso uleule, chini yake tangazo la kifo. Kashfa yangu ilikuwa upande wa pili wa karatasi zilezile, imegandishwa ukutani kwa uji wa muhogo.

“Picha nyingine ya mwanangu sina,” alisema.

Mkutubi akaninong’oneza, “Serikali yako ndiyo hii?”

Miaka mingi baadaye nilijua kwamba kijana yule alikuwa karani wizarani, na ndiye aliyewapa waandishi siri za waziri. Hakuna gazeti lililowahi kuliandika hilo.