Tela la Hezekia Ukweni

Siku Hezekia alipoliburuta lile tela hadi Lukozi, watu walimcheka mpaka akina mama wakatua ndoo zao chini. Biashara ilikuwa imefunguliwa, ruksa kila kitu, kila mwenye akili anatafuta lori la kupeleka kabichi Dar es Salaam. Yeye katoka mnadani Lushoto, kwenye vitu vya Wazungu wa mradi waliorudi kwao, na tela fupi la chuma kitupu, matairi manene, mfuniko umefungwa kwa mikanda.

"Hili linabeba magunia mangapi, bwana?" aliuliza Paskali, mnunuzi wa mboga. "Mawili na paka?"

Maskini Hezekia! Naye alilinunua kwa ajili ya kabichi hizo hizo! Alifungua mikanda apime nafasi, akauvuta mfuniko kwa nguvu. Lo! Mfuniko ukapinduka ukalala upande wa pili, turubai likainuka lenyewe na vyuma vyake, na mbele ya macho yao chumba kikasimama. Ndani mna kitanda na godoro. Madirisha yana wavu wa mbu. Ubavuni alivuta kitu kama droo, likatoka jiko, likafuata beseni lenye bomba lake.

Kicheko kilikatika palepale. Jirani yake, Mama Jenoveva, alianza kupiga kigelegele, akakikatisha asogee karibu. Mmoja mmoja wakasogea kuchungulia, na bila kuambiwa na mtu wakavua viatu. Paskali naye alivua, akavua na kofia.

Hezekia aliketi kwenye jiwe. Hakuwaza tena kabichi. Aliwaza Mtae.

Mtae ndiko alikokuwa mkewe, Modesta, tangu mvua za vuli, akimuuguza mama yake. Bi Klara alikuwa amepooza miguu na macho yameshazimika, lakini ulimi na ubishi vilikuwa vizima kabisa. Kuhamia Lukozi alikataa katakata. Kwao mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja wala hawatazamani usoni, na huyo bibi hakuwa mtu wa kubembelezwa avunje heshima kwa sababu ya miguu. Hezekia angeweza kwenda kujenga kibanda Mtae, sawa, lakini mwanamume anayejenga kwenye ardhi ya wakwe watu husema kaolewa. Basi kila Jumapili alikwenda, akasalimia akiwa nyuma ya migomba, akarudi kwake kulala peke yake. Alimkosa mkewe mpaka ugali ukawa hauna ladha, na alishaanza kuogopa kwamba wangezoea kuishi hivyo.

Keshoye akalifunga tela nyuma ya Landrover yake kuukuu akapanda nalo Mtae. Mahali ambapo pikapu za watu hukwama, lenyewe lilipita likirukaruka kwenye mawe. Aliliegesha pembeni ya nyumba ya Bi Klara, ukingoni kabisa mwa mlima, akalifungua.

Modesta alitoka jikoni na mwiko mkononi. Aliingia, akakaa kitandani, akagusa turubai, akacheka, halafu machozi yakamtoka.

"Baba Pendo, umekuja kulala?"

"Nimekuja kulala. Na silali kwenye nyumba ya mtu."

Mjomba Alphonce, msemaji wa ukoo, aliitwa aamue. Alizunguka, akainama uvunguni, akapiga teke tairi. "Paa ni lake," alisema. "Ardhi hajachimba. Hapa hajajenga, ameegesha. Mwacheni alale."

Alfajiri Hezekia alifungua zipu ya dirisha akasahau kupumua. Mawingu yalikuwa chini yake! Meupe, yametanda mpaka mwisho wa macho, na vilele vya vilima vimechomoza humo. Mzaliwa wa milimani, umri wote huo, lakini asubuhi hajawahi kuamkia ukingoni. Alijisikia mdogo, akafurahi kuwa mdogo.

Nje, Modesta alikuwa amemleta mama yake juani na kumketisha, mgongo ukielekea turubai.

"Mkwe," sauti ikasema.

Hezekia alishtuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilisikia unakoroma, nikajua nyumba ina watu. Hebu niambie, leo huko chini kuna nini? Nikimuuliza binti yangu, yuko na masufuria yake, ananiambia ni kama jana. Mimi nimepatazama hapa maisha yangu yote. Haijawahi kuwa kama jana."

Basi akamwambia. Alimsimulia mawingu, alimsimulia yalivyochanika na tambarare ikaonekana, nyekundu huku, kijani kule, na vumbi la ng'ombe likitembea. Bi Klara alisikiliza akiitikia, "Enhe. Enhe." Kesho yake hivyo hivyo. Kati yao palikuwa na kitambaa tu, na heshima haikuguswa. Paskali alipopanda Mtae kutaka kulinunua tela awakodishie watalii, bibi ndiye aliyemjibu: "Unataka kununua macho yangu?"

Ikafika asubuhi moja ya kiangazi, anga safi. Hezekia alianza kusimulia milima ya mbali, akashuka kwenye mbuga, akaona bwawa likimeta kwa jua.

"Mama, maji yanawaka!"

Hakusikia "enhe."

Alitega sikio asisikie hata pumzi, akaelewa. Mkono ulikwenda kwenye zipu, ukarudi. Ng'ombe walikuwa bado hawajatoka, na sehemu ya ng'ombe bibi aliipenda kuliko zote. Akaendelea, akasimulia vumbi lao lilivyoinuka na lilikoelekea mpaka wakafika majini. Ndipo akamwita Modesta.