Ticha Asiyejua Kikorea

Gethin Pugh alikuwa na cheti cha Kikorea daraja la tano, na alikificha chini ya soksi kama mtu aliyeiba. Daraja la tano si mchezo. Wapo Wakorea, wazawa wa mji ule wa Cheongju, ambao ukiwawekea ule mtihani mezani watakumbuka ghafla kwamba wanataka kwenda msalani. Lakini kila siku saa saba mchana, alipovua viatu mlangoni pa kituo cha tuisheni cha Mkurugenzi Pyo na kuvaa ndala za ofisi, Kikorea chote alikiacha pale pale kwenye viatu, akawa bubu mpaka jioni.

Ilikuwa ndani ya mkataba, kifungu cha kumi na moja: mwalimu mgeni haongei Kikorea mbele ya watoto wala wazazi. Mtoto akijua ticha anaelewa, hatahangaika na Kiingereza. Mzazi naye akijua, ataanza kuuliza ada yake inakwenda wapi.

"Kwa hiyo wewe hujui kitu, Mwalimu Gethin," Mkurugenzi alimwambia siku ya kwanza, kwa Kikorea. "Hata 'asante' usiijue vizuri. Iseme hivyo hivyo kizungu-zungu, kina mama wanaipenda sana."

Basi akawa anaisema kizungu-zungu. Ndani ya lifti kina mama walikuwa wakimjadili tumbo mbele yake. "Huyu Mmarekani amenenepa, jamani! Nani anampikia?" Yeye wala si Mmarekani, katoka Wales, na hakuna aliyekuwa anampikia. Alitabasamu tu, akiangalia namba za ghorofa zinavyopanda. Watoto nao walimtukana machoni kwa sauti ya upole, huku wakiinama kwa adabu, na yeye akawapa stika ya nyota. Mimi ningekuwa nimeshamwasha mtu kibao, lakini ndiyo maana sikudumu kwenye kazi ile.

Yeye alidumu kwa sababu hakuwa na mlango wa kutokea. Chumba alichokaa, juu ya duka la kuku wa kukaanga, kilikuwa cha kituo. Kibali cha kukaa nchini kilifungamana na jina la Mkurugenzi Pyo. Akitaka kuhamia kazi nyingine, lazima Mkurugenzi aandike barua ya kumwachia, na Mkurugenzi Pyo hakuwahi kumwandikia mtu barua hiyo. Na kurudi kwao arudie nini? Wazazi walishakufa, nyumba iliuzwa, umri miaka arobaini na moja, na kazi pekee aliyokuwa na uzoefu nayo ni kuimba majina ya rangi na watoto wa miaka saba.

Lakini mwaka ule kulikuwa na mwanga. Mkataba ulikuwa unaisha mwisho wa Februari. Akiumaliza salama, pointi zake za uhamiaji zinatimia, na mwezi wa Machi anaomba kibali cha ukaazi kwa jina lake mwenyewe. Hapo afundishe anapotaka, auze soksi sokoni akitaka, haombi ruhusa ya mtu. Miaka tisa alikuwa akiifukuzia kadi ile ya ukaazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Gethin alikuwa ameinama mpaka kiuno kikazoea.

Mtu mmoja tu pale kazini alimfanya ajione binadamu, naye ni Tak Hye-rin, mwalimu mwenyeji aliyepangwa naye darasa moja. Kwa miaka mitatu walitumia meza moja. Gethin akiandika ripoti ya mwezi kwamba mtoto fulani hasikii na darasani analala, Hye-rin anaitafsiri kwa wazazi: mtoto wenu ni mtulivu, ana tafakuri ya kina. Wakati wa mapumziko walikimbilia ngazi za dharura, wakala viazi vitamu vya kuchoma na kuongea Kikorea mpaka koo zikauke.

"Mzee, leo nimekupamba kweli," Hye-rin alikuwa akimwambia. "Umeandika Danbi ni mvivu, mimi nimesema ana roho ya msanii."

"Siku watakayojua utapigwa wewe."

"Kwani ni lini nimeacha kupigwa?"

Na hilo halikuwa utani. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Pale kwa Mkurugenzi Pyo mgeni alikosea, mwenyeji akachapwa. Gethin akichelewa, anayeitwa ofisini ni Mwalimu Tak. Gethin akisahau kitabu, Mwalimu Tak kwa nini hukumkumbusha? Mzungu hagombezwi, atakasirika arudi kwao. Mara nyingi Hye-rin aligombezwa Gethin akiwa amesimama hapo hapo, anaelewa neno kwa neno, anashika kikombe chake cha kahawa kama mtu asiyejua.

Sasa ikaja siku ya wazazi, mwezi wa Novemba. Wenyewe tunajua siku ya wazazi ilivyo: ni maigizo. Wiki mbili mnafanya mazoezi, kila mtoto ana swali lake na jibu lake, na orodha anayo mwalimu. Hye-rin aliiandika kwenye kadi ya waridi. Danbi alikuwa wa nne. Swali lake: hali ya hewa ikoje leo? Jibu lake: kuna jua zuri. Alilikariri barabara, hata akiamshwa usingizini angelitoa.

Siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kina mama kumi na wanne wakaketi nyuma ya darasa na miamvuli inayochuruzika miguuni, simu juu, tayari kurekodi. Gethin akafika namba nne, akaangalia kadi, akaangalia dirisha linalotiririka maji, akaona kabisa yatakayotokea. Mtoto atasimama aseme kuna jua zuri na watu watacheka. Akamwonea huruma. Akaamua kumpa swali jepesi zaidi, ambalo walilisoma tangu mwaka wa kwanza.

"Danbi," akamuuliza kwa Kiingereza, "umekula nini leo asubuhi?"

Mtoto akasimama. Akafungua mdomo, akaufunga. Simu kumi na nne zinarekodi. Kisha, kwa Kikorea, kwa sauti ndogo iliyosikika mpaka nyuma, akasema, "Ticha, hilo siyo swali langu."

Neno moja la Kikorea lingetosha kumwokoa. Gethin alikuwa nalo ulimini kabisa. Akatabasamu, akarudia swali kwa Kiingereza, polepole zaidi. Danbi akaangua kilio.

Robo saa baadaye walikuwa wanne ofisini: Mkurugenzi Pyo, Mama Danbi, Hye-rin na Gethin. Mama Danbi hakukaa.

"Miaka mitatu, Mkurugenzi! Miaka mitatu mtoto wangu anakuja hapa, hawezi kusema amekula wali? Na hiyo 'siyo swali langu' ni nini? Kumbe mnawakaririsha?"

"La hasha, Mama Danbi, tafadhali." Mkurugenzi aliinama mpaka nywele zikagusa meza. Aliponyanyuka alikuwa ameshamgeukia Hye-rin. "Mwalimu Tak, wewe una akili kweli? Ulimpa mwalimu karatasi gani? Mgeni wa watu hajui chochote, anafuata unachompa! Unamwaibisha mbele ya wazazi, unamliza mtoto!"

"Nimekosa, Mkurugenzi," akasema Hye-rin.

"Umekosa kila siku. Leo imetosha. Chukua vitu vyako."

Mkurugenzi alimtupia Gethin jicho mara moja tu, jicho kavu, na ndani yake mlikuwa na kifungu cha kumi na moja na Februari yote.

"Ngoja kwanza," akasema Mama Danbi. "Nataka kusikia kwa mdomo wa mwalimu mwenyewe. Mwalimu Tak, muulize kwa nini alimfanyia mtoto wangu vile."

Hye-rin akamgeukia, akamuuliza kwa Kiingereza. Gethin akashusha pumzi. Alhamdulillahi, hatimaye angesema yote! Akajibu kwa Kiingereza safi, kwa haraka, kabla moyo haujabadilika.

"Waambie kosa ni langu. Orodha uliyonipa ilikuwa sahihi. Nilibadilisha swali mwenyewe kwa sababu ya mvua. Wewe huhusiki hata kidogo, waambie hivyo hivyo."

Hye-rin alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Mama Danbi, mikono ameikunja mbele.

"Mwalimu anasema Danbi ni mtoto mwenye akili sana, na anaumia kuona amelia. Anasema karatasi niliyompa ilichanganyika. Kosa ni langu, naomba radhi."

Gethin akasikia kila neno. Akasimama pale na Kikorea chake daraja la tano, sentensi imejipanga yote kichwani, kitenzi kipo mwisho mahali pake.

Mama Danbi hakuwa mjinga. Aliwaangalia wote wawili, kisha akamwendea Gethin na kumuuliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Ticha. Ndiyo hivyo?"

Mkurugenzi Pyo alikuwa anamtazama. Hye-rin alikuwa anatazama sakafu.

"Ndiyo," akasema Gethin.

Mama Danbi alipoondoka, Mkurugenzi alimpa Gethin machenza matatu kutoka kwenye sahani ya wageni. "Umefanya vizuri," akamwambia kwa Kikorea, tena kwa upole. "Saa kumi na moja una kipindi."

Alimkuta Hye-rin kwenye ngazi za dharura, boksi lake liko chini: kikombe, ndala, koti la baridi. Gethin akaweka machenza juu ya koti. Akajiona mpumbavu, akayachukua tena.

"Hye-rin, nilisema ukweli. Nilisema ni mimi."

"Nilikusikia. Ningekuwa kiziwi ningetafsirije?"

"Sasa kwa nini hukuwaambia?"

"Ningewaambia, Mama Danbi angemtoa mtoto wake, na wenzake watano wangemfuata, wewe ungefukuzwa leo hii na mimi nyuma yako. Mimi kwetu Jecheon, basi moja tu nakula kwa mama. Wewe ungekwenda wapi, mzee? Una Machi yako."

Gethin alitaka kumshika mkono, kumshukuru, kulia, chochote. Hye-rin akamzuia.

"Usinishukuru. Na usijidanganye. Umesema ukweli kwa Kiingereza. Mle ndani nani alikuwa anakielewa vizuri? Mimi na Mkurugenzi, na Mkurugenzi hakutaka kukielewa. Miaka mitatu napamba ripoti zako, ulijua kabisa na hii nitaipamba. Ulisema ili usikike, au ulisema ili ulale vizuri?"

Jibu alikuwa nalo. Safari hii alikuwa nalo kweli, na lilikuwa la aibu, na alitaka kumpa lote kwa Kikorea, bila kubakiza. Akafungua mdomo.

Juu yao mlango wa ngazi ukafunguliwa. Lifti ilikuwa imejaa, mama mmoja wa siku ya wazazi akaamua kushuka kwa miguu na binti yake, viatu vikigonga ngazi. Gethin akafunga mdomo, akatabasamu na kuinamisha kichwa. "Gudi bai, Ticha!" akasema mtoto, naye akampungia mkono. Mama akapita, akaliona boksi, akajifanya hajaliona.

Hye-rin akasubiri mpaka vishindo vya viatu vikaishia chini kabisa. Akasubiri na zaidi kidogo, akimtazama mdomoni.

Mama na mtoto walishakwenda, na Gethin bado alikuwa na lile tabasamu la kwenye lifti.

"Umeona?" akasema Hye-rin. Akabeba boksi lake, akashuka.