Macho Kwenye Mstari Mmoja

Fomu ilikuwa na swali moja tu, na lilimpandisha Kifutio hasira tangu alipolisoma mara ya kwanza: "Eleza maendeleo yako katika mwaka wa kwanza." Chini yake mistari ishirini na mitano, mitupu. Maendeleo! Alitamani kuandika kwa herufi kubwa kwamba maendeleo yake ni haya: sasa anajua kumchora mama yake uongo na kusifiwa.

Jina la Kifutio alipewa na wenzake mwezi wa kwanza tu wa masomo ya uchoraji, ule wa picha za vitabuni na magazetini. Alikuwa akifuta kuliko anavyochora. Karatasi zake zilitoboka, na vumbi la raba lilijaa mezani kwake mpaka mfagiaji akamwambia aje na ufagio wake kutoka nyumbani. Lakini kuna kazi moja ambayo hakuifuta hata kidogo, nayo ilikuwa ya kwanza kabisa: chora mtu wa kwenu, uso mzima, kwa mkaa.

Alimchora mama yake. Mama ni fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, na kope ya jicho lake la kushoto imelala tangu azaliwe. Jicho linaona vizuri, ila kope haipandi zaidi ya nusu, na jicho lenyewe limekaa chini kidogo kuliko mwenzake. Mtaa mzima unajua, na yeye wala halimsumbui. Mteja mgeni akimkodolea sana humwambia, "Usiwe na wasiwasi, hili limepumzika, zamu ni ya lile lingine." Kifutio alipokuwa mdogo alidhani mama wote wako hivyo, akawa anawashangaa mama wa wenzake kwa nini wamekodoa macho yote mawili.

Basi akamchora kama alivyo. Mwalimu wao wa michoro ya watu, waliyemwita Rula kwa sababu hakuonekana popote bila rula yake ya chuma, akaibandika ile kazi ubaoni. Akapiga mstari mwekundu katikati ya uso wa mama wa watu, toka sikio hadi sikio, na pembeni akaandika: MACHO HAYALINGANI. KOSA LA WANAOANZA.

"Macho hukaa wapi?" Rula akauliza.

"Kwenye mstari mmoja!" darasa likaitika.

"Na huyu wa Kifutio yamekaa wapi?"

Wakaangua kicheko. Kifutio akafungua mdomo aseme, akawatazama wale wanaocheka, akaufunga. Alama arobaini na moja.

Sasa hebu fikiria. Mtu kauchora uso anaoujua kuliko uso wowote duniani, halafu anaambiwa kakosea na mtu ambaye hajawahi kumwona mwenye uso! Hata kuuliza, hakuuliza. "Ndivyo alivyo?" Maneno mawili tu, yangempunguzia nini? Lakini Rula alikuwa na kitabu chenye mchoro wa kichwa kilichogawanywa kwa mistari, na asiyeenea kwenye ile mistari, shauri yake. Kifutio alitembea na hasira hiyo mwaka mzima. Alikula nayo, akalala nayo, na kila alipomwona Rula anapita na chuma chake mkononi, meno yalimsagika.

Lakini alijifunza, hilo halifichiki. Alipima nyuso za watu foleni ya benki, kwa kinyozi, kwenye ukumbi wa kusubiri daktari. Vidole alivyokuwa akivichora vimevimba vikaanza kushika vitu. Nguo zikawa na mtu ndani yake. Macho ya kila mtu yakalala sawasawa kwenye mstari, na alama zikapanda polepole. Ila hazikutosha bado. Kazi ya mwisho ilibeba nusu ya alama za mwaka, na aliyeanguka hapo hapandi mwaka wa pili. Kazi yenyewe: mchore tena mtu yuleyule.

Mama akakubali kukaa tena. Jumapili alifunga mlango wa mbele, wateja wakagonga weee mpaka wakachoka, naye akakaa kwenye kiti chake cha cherehani saa tatu nzima, mikono pajani, hajitikisi.

"Unitoe vizuri," akasema. "Ile ya kwanza hata hukunionyesha."

"Haikuwa nzuri, mama."

"Na hii?"

"Mama, usiongee, mdomo unahama."

Alipofika kwenye macho, akaishusha penseli. Akamtazama mama. Akautazama mstari mwembamba aliouchora kwa penseli toka sikio hadi sikio. Kisha akaipandisha ile kope, akalinyanyua na jicho lenyewe, mpaka likalingana na la kulia. Na mama kakaa pale pale mbele yake, hana hili wala lile.

Alama themanini na tatu. Rula akaandika chini yake: SASA UMEJIFUNZA KUONA.

"Kujifunza kuona!" Kifutio alifoka jioni hiyo jikoni, dada yake mkubwa akiosha vyombo. "Mimi nilikuwa naona! Yeye ndiye haoni, na bado anatoa alama!"

"Umemwambia kwamba mama ndivyo alivyo?"

"Nimwambie nini mtu mwenye kiburi kama yule?"

"Umemwambia au hujamwambia?"

Kifutio alitoka, akaubamiza mlango. Kisha akaketi kitandani na ile fomu, akaandika kile ambacho Rula angependa kukisoma. Ilimchukua dakika kumi.

Siku ya maonyesho kila mwanafunzi alitundika kazi ya kwanza na ya mwisho, zikakaa bega kwa bega, na wazazi wakaalikwa kwa ujumbe wa simu. Asubuhi Kifutio alimwendea Rula na kumwomba atundike ile ya mwisho peke yake. "Bila ya kwanza," Rula akamjibu, "maendeleo yataonekana wapi?" Kifutio akaenda kuileta ile ya kwanza. Ikatundikwa, na wino wake mwekundu.

Mama alifika amevaa gauni aliloshona mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo. Akasimama nyuma ya watu warefu, akinyoosha shingo.

Rula akainua chuma chake mbele ya wageni. "Tazameni kazi hii ya kwanza. Jicho la kushoto limeteleza kabisa. Kope imekufa. Sasa hii ya pili, mtu yuleyule: macho yametulia, uso umekuwa uso. Kijana wetu atatueleza mwenyewe."

Kifutio akaifungua fomu yake. "Nilipoanza," akasoma, "sikujua kuutazama uso wa mtu. Nilichora macho ovyo, bila..."

"Samahani, mwalimu," sauti ikasema kutoka nyuma.

Watu wakampisha. Mama akaja mpaka mbele, akasimama kati ya zile picha mbili, akaitazama ya kwanza kwa muda mrefu, na mstari mwekundu uliopita usoni mwake. Akaitazama ya pili. Kisha akamgeukia Rula, na Rula akamwona. Rula ya chuma ikashuka taratibu mpaka ikagusa suruali yake.

"Mama," akasema. "Niwie radhi. Kwa kweli sikujua."

"Hukujua, mwalimu. Sikulaumu, maana leo ndiyo siku ya kwanza kuniona." Akageuka. "Lakini wewe, mwanangu, nilikukalia mbele saa tatu."

Kifutio alikuwa na hasira za mwaka mzima kifuani, amezipanga vizuri; akaikunja ile fomu katikati.

Alipanda mwaka wa pili. Ile fomu ya maendeleo ilipata alama nyingi kuliko ya mwenzake yeyote. Hakumwambia mama yake, na mama yake hakumuuliza.