Sauti Moja ya Bibi

Jumamosi hii, hapa Misugusugu, nilikuwa napiga pasi huku simu ikicheza rekodi ya saa nzima: sauti moja nzito inavuma tu, haina ngoma wala maneno. Mume wangu akachungulia. "Huo muziki utaanza saa ngapi?"

Nikageuza shati upande wa pili. Kimawazo nilikuwa nimeshafika Mzenga, uani kwa bibi, likizo ya shule utotoni. Bibi alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, kafumba mdomo, na sauti kama hiyo ikimtoka kifuani, haipandi wala haishuki, mpaka nazi iishe kwenye kifuu. Siku moja mama alikuwa amekuja na wenzangu wawili wa shule kutoka Kibaha. Wakatazamana, wakacheka. Sijui nilijiona nani. Nikasema mbele yao, "Bibi, nyamaza basi, unanitia aibu."

"Haya, mjukuu wangu." Ukabaki mkwaruzo wa mbuzi peke yake.

Kesho yake nilimsikia kwa mbali, katikati ya mihogo, anavuma. Nikamfuata. Aliponiona alikatisha, akashusha jembe.

"Nisamehe, mjukuu wangu," akasema. "Sikujua kama uko karibu."