Madebe Manane ya Punje Nyekundu

Froukje Terpstra hana mtoto, ila ana bakteria. Ndivyo wanavyomtania kazini, kwenye mtambo wa majitaka nje ya mji mmoja mdogo wa Friesland, Uholanzi, naye hakatai. Aliwalea miaka mitatu mpaka wakajaa tangi: punje nyekundu kama pilipili ya kusaga, zinazokula amonia ya majitaka na kuigeuza nitrojeni, inayopanda juu kwa viputo. Ajabu yao ni uvivu wa kuzaana. Bakteria wengine huongezeka maradufu kwa nusu saa. Hawa, wiki mbili.

Jumatatu asubuhi tangi lilikuwa kimya. Hakuna kiputo.

Akachota punje. Zilikuwa za kahawia.

"Durk! Nani kagusa hewa?"

"Mimi," akajibu mwenzake wa zamu, mkate wa jibini mdomoni. "Juzi amonia ilipanda. Nikaona maskini wanahema, nikawapulizia kidogo."

"Hewa ndiyo inayowaua hawa, we kichwa maji!"

"Sasa dada, kiumbe gani hataki hewa?"

"Hao uliowaua!"

Akafunga hewa, akazuia na majitaka yasiingie. Lakini nitraiti, chakula chao kingine, ilikuwa imekwisha kurundikana bila mlaji, nayo ikizidi huwa sumu. Kipimo kikaendelea kupanda. Mbaya zaidi, bwawa la akiba nje, yalikokwenda majitaka yaliyozuiwa, lingejaa saa tisa alasiri, na malori ya kuhamisha maji yangefika Jumatano. Baada ya saa tisa, ama maji yaingie tangini yawaelemee na kuwamaliza wagonjwa waliobaki, ama yaende mferejini kwa samaki.

"Mfereji?" Durk akauliza kwa sauti ya chini.

"Samaki wamekukosea nini?"

Akampigia mumewe, mfugaji, alete madebe ya maziwa. Wakachota chini kabisa, palipobaki wekundu, wakayajaza madebe manane mpaka shingoni ili hewa ikose pa kukaa.

"Na hawa wengine tangini?" Durk akauliza.

Froukje akageuza uso. "Fungulia."

Maji yakaingia, ya vuguvugu, meusi. Kahawia ikafika ukingoni.

"Miaka mitatu tena?" Durk akanong'ona.

"Mimi nastaafu baada ya miwili. Utawalea wewe, mikono mfukoni, usiguse hewa."

Jumanne alifungua debe la kwanza. Lilinuka, na punje zote zilikuwa za kahawia.

Akaketi mbele ya yale saba, mikono magotini, asithubutu kuyafungua.