Ngazi Iliyo Nyuma ya Zizi

Simu ilinikuta katikati ya kunyoa ndevu kwa mashine, stima ikiwa imepotea ghafla hapa mtaani Elgon View, nusu ya kidevu safi na nusu ikingoja stima irudi. Niliambiwa Mzee wa Kapseret ametuacha. Alikuwa mwalimu mstaafu, mfugaji wa ng'ombe watatu, na msomaji pekee aliyenipigia simu kila nilipoandika upuzi kwenye safu hii. Mnavyonijua, hakukosa kazi. Kwa miaka mingi nilimtabiria kwamba ataanguka kutoka juu ya paa. Badala yake alikunywa chai ya saa kumi, akajinyoosha kitandani na hakuamka. Hata hapo alihakikisha nimekosea.

Ugomvi wetu ulikuwa wa sola. Mimi nilishikilia kwamba paneli ya nyumbani ni ya kuchaji simu na kusikiliza matangazo ya vifo, na kwamba pesa za umma ziende kwenye nguzo na nyaya. Yeye alikuwa na paneli mbili juu ya zizi, akawasha nazo nyumba nzima. Siku moja alinialika nikaone ujinga wangu. Nilifika, na hakuna hata taa moja iliyowaka. Nilifurahi mpaka nikaomba kikombe cha pili cha chai. Fundi akaitwa kutoka mjini, akafungua waya zote, akapima betri, akatikisa kichwa na kutangaza kwamba mashine imeungua. Ndipo mkewe akatoka jikoni na ungo. "Ngojeni kwanza nitoe maharagwe yangu," akasema. Huku kwetu jua hupita utosini, kwa hiyo paneli hulazwa karibu bapa, na paa la zizi lilikuwa la chini. Mama aliona meza nyeusi, yenye joto, isiyofikiwa na kuku. Maharagwe yalikuwa na siku tatu pale juu na yalikuwa yamekauka vizuri sana. Mimi nilicheka hadi nikamwaga chai. Mzee hakucheka. "Umeona? Sola haina shida," akaniambia. "Shida ni hakuna mtu amepanda juu kuangalia."

Somo hilo alilipeleka kwenye zahanati ya kijiji. Zahanati hiyo ilipewa paneli na wafadhili, utepe ukakatwa, picha zikapigwa, kisha vumbi na mavi ya ndege vikafanya kazi yao. Akina mama wakawa wanajifungua kwa tochi ya simu ambayo nasi, yule muuguzi wa zahanati, aliishika kwa meno. Mzee akaanza kubeba ngazi yake kila Jumamosi asubuhi, akapanguza paneli na kuongeza maji kwenye betri, na taa zikarudi. Hakuna aliyemtuma. Kisha maafisa wakaja kwa baraza kuuliza wananchi kama kaunti igawe sola nyumba kwa nyumba. Sote tulijua atapiga makofi. Akasimama. "Msituletee hata paneli moja kabla hamjaandika fundi," akasema. "Hii kitu inataka mtu. Mtu wa ngazi, wa kitambaa, wa kulipwa kila mwezi." Afisa alimwomba afupishe. Mimi niliandika hapa nikimwita Waziri wa Vitambaa, na wengi wenu mlinipongeza. Yeye alinipigia asubuhi hiyo hiyo. "Umeandika vizuri. Sasa Jumamosi kuja unishikie ngazi." Nikaahidi. Niliahidi Jumamosi nyingi na sikwenda hata moja. Nimejaribu kulifanyia mzaha hilo na nimeshindwa, linauma tu.

Mazishini, mheshimiwa mmoja alishika maikrofoni na kuahidi kwamba, kwa heshima ya marehemu, kila boma litapata paneli. Watu walishangilia. Mama, mjane wa Mzee, akaomba maikrofoni, akashukuru kwa upole, kisha akauliza, "Na nani atapanda?" Mheshimiwa akatazama saa yake. Mama akaendelea. "Ile ya zahanati haijapanguzwa wiki mbili sasa, na kuna wasichana watatu hapa wako karibu kujifungua. Ngazi iko nyuma ya zizi. Mzee alisema kuna mtu wa gazeti aliahidi kusaidia." Nilianza kuchunguza viatu vyangu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza nakutana navyo.

Jumamosi nilipanda. Nasi alishika ngazi huku akinitia moyo: "Mzee, usiangalie chini!" Sikujua kama nimeshafika umri wa kuitwa hivyo, lakini magoti yangu yalikubaliana naye. Nilipanguza, nikashuka, na Jumatatu nasi akanipigia kusema msichana mmoja kati ya wale watatu amejifungua salama, taa zote zikiwaka na simu ikiwa mfukoni.

Kwa hiyo, wasomaji wangu, nimegeuka. Sola ya nyumbani inafaa, hata kama Julai yetu yenye mawingu huipunguzia nguvu, na inastahili pesa za umma. Lakini fundi aandikwe kwanza, paneli zifuate. Mzee alilisema hilo barazani na mimi nikalifanya kichekesho. Kaunti bado haijaandika mtu, wasichana wawili wanangoja siku zao, na mimi sasa ndiye ninayepanda. Wahusika waliowahi kuona magoti yangu watajua kwamba jambo hili ni la dharura.